Wiki sita na sanduku la saianotaipu na darizi

Ningenunua sanduku hili hata kama ndani mngekuwa na vile vipande sita tu vya pamba vilivyokwisha kupakwa dawa ya saianotaipu, yaani njia ya kuchapa picha za bluu kwa mwanga wa jua. Vingine ni kipande cha hariri, pakiti ya shabu ya kushikisha rangi, kichupa cha maji ya chuma, nyuzi za kudarizi na fremu ya duara.

Ufundi wenyewe ni wa zamani. John Herschel aliubuni mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuchapa picha za mwani kwa njia hiyo. Chumvi za chuma zilizopakwa kwenye kitambaa hugeuka bluu zinapopigwa na jua. Palipofunikwa, maji huziondoa pakabaki peupe. Nililaza jani la kangaga juu ya kitambaa nikiwa kwenye chumba chenye giza, nikalibana kwa kioo, nikaanika dakika 15. Kitambaa kilitoka na rangi ya kijivu iliyofifia nikadhani kimeharibika. Kumbe bluu ilikuwa inangoja maji, na kesho yake ilikuwa imekolea zaidi. Pale ambapo ncha za jani zilijiinua kidogo, mwanga ulipenya chini yake ukaacha kivuli laini ambacho kalamu yangu isingeweza kukichora.

Lawama yangu kubwa ni karatasi ya maelekezo. Haisemi lolote kuhusu sabuni. Nilifua kipande cha pili kwa sabuni kali ya unga, bluu ikapauka na kuwa manjano mbele ya macho yangu. Magadi yaliyomo kwenye sabuni kama hiyo huiua rangi hii, na jambo hilo lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa. Nilikiokoa kwa kukiloweka kwenye chai nzito ya rangi: kikageuka kahawia iliyoiva, kama jani lililoanguka. Leo ndicho kitovu cha kazi yangu ya kwanza.

Njia ya pili ya sanduku, kuchapa kwa rangi inayotoka kwenye majani yenyewe, haikunifurahisha kiasi hicho. Shabu haishiki vizuri kwenye pamba isipokuwa imetanguliwa na tanini, ile dawa ya mimea inayoipa chai ukakasi, na sanduku halina tanini. Kwenye hariri mambo yalikuwa tofauti kabisa: nilikunja majani ya mkaratusi ndani yake, nikafunga kwa kamba, nikaweka kwenye mvuke saa moja na nusu. Tone la maji ya chuma likageuza kingo kuwa nyeusi. Tone tu, kwa sababu chuma kikizidi hula hariri taratibu.

Utamu wote ulikuwa kwenye sindano. Nilipanga vipande juu ya kitambaa kizito, nikavishika kwa bandi ndefu, kisha nikafuata mshipa mkuu wa kangaga kwa uzi mweupe, mmoja tu. Nilipojaribu nyuzi tatu, jani lilizama chini ya mshono, nikafumua jioni nzima. Penye kivuli sikushona chochote. Vifundo vidogo vikawa mbegu, na juu ya kile cha kahawia nikatandaza oganza, kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, ili ukungu uonekane kupita. Nyuzi za sandukuni hazikuchuja hata zilipolowa.

Nimebakiwa na kipande kimoja cha pamba. Kiko ndani ya mfuko wake mweusi, kikisubiri nyasi zitoe masuke.