Nafasi Wazi Mahakama ya Juu ya Kenya: Mahojiano Tuliyoyaona na Uamuzi Tusiouona

Kwa takriban wiki mbili za Aprili 2021, kazi katika duka letu dogo la kuchapa nyaraka mjini Mombasa ilikwenda sambamba na sauti za makamishna wa Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, zikitoka kwenye simu niliyoiegemeza kwenye mtambo wa kudurufu. Jaji Mkuu David Maraga alikuwa amestaafu tarehe 12 Januari baada ya kutimiza umri wa miaka 70, na tume ilikuwa ikiwahoji waniaji 10 wa kiti chake, mmoja baada ya mwingine, kuanzia tarehe 12 Aprili. Ninaitathmini kazi hiyo hapa kama ninavyoweza kuitathmini huduma nyingine yoyote ninayoilipia, kwa kuwa gharama yake inatokana na kodi yangu na matokeo yake yananifikia mimi kabla ya kumfikia mtu mwingine: Mahakama ya Juu, anayoiongoza Jaji Mkuu, ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu nani amechaguliwa kihalali kuwa Rais wa Kenya.

Nianze na kilicho bora, nacho ni mahojiano yenyewe. Mwaniaji huketi peke yake mbele ya safu ya makamishna, saa nyingi, huku nchi nzima ikimtazama mubashara kwenye runinga na kwenye intaneti. Huulizwa kuhusu hukumu alizoandika, kesi alizopoteza, mali aliyonayo, malalamiko yaliyowasilishwa dhidi yake, na namna atakavyopunguza mrundiko wa kesi. Siku mojawapo shangazi yangu alipita dukani, nikamwamkia, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye simu. Alimtazama kwa muda mwanamke aliyekuwa akihojiwa, kisha akaniuliza, «Mwanangu, huyo mama ana kesi gani?» Nikamjibu, «Hana kesi, shangazi. Anaomba kuwa Jaji Mkuu.» Akavuta kiti, akakaa hadi adhuhuri, na kila swali lilipoulizwa alinitaka nimweleze limesema nini na mama yule amejibu nini.

Uzito wa jambo lile unaeleweka zaidi kwa anayekumbuka tulikotoka. Kabla ya Katiba ya 2010, Rais alimteua Jaji Mkuu kwa hiari yake, na sisi wananchi tulisikia jina katika taarifa ya habari. Hata baada ya katiba mpya kupitishwa, mazoea hayakuondoka kwa siku moja: Januari 2011 Rais Mwai Kibaki alitangaza jina la Jaji Alnashir Visram kabla ya JSC kufanya kazi yake, uteuzi huo ukapingwa mahakamani na bungeni, na hatimaye ukaondolewa. Miezi michache baadaye tukaona kwa mara ya kwanza waniaji wakihojiwa hadharani, na Dkt. Willy Mutunga, ambaye ndiye aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, akaulizwa mbele ya taifa hata kuhusu kipuli alichovaa sikioni. Wapo walioona swali lile kuwa la kumdhalilisha. Mimi naona lilikuwa na faida yake, kwa maana yale ambayo zamani yangenong'onwa kwenye vyumba vya faragha yaliulizwa mbele ya mhusika, naye akapata nafasi ya kuyajibu kwa kinywa chake.

Hatua zinazotangulia mahojiano nazo zimepangwa vizuri. Nafasi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, maombi hupokelewa, majina huchapishwa, na mwananchi yeyote hualikwa kuwasilisha anachokijua kuhusu mwombaji. Anayetaka kuketi katika Mahakama ya Juu sharti awe na uzoefu wa miaka 15, uwe wa ujaji katika mahakama za ngazi ya juu kama Mahakama Kuu au ya Rufaa, wa uwakili, wa uhakimu au wa usomi wa sheria. Nimewachapia watu wawili maoni yao ya kupeleka huko, mmoja wao mzee wa mtaa ambaye hakuwahi kuingia mahakamani isipokuwa kama shahidi, na kila mmoja aliondoka na nakala yake ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Ni jambo la heshima kwa mtu kama yule kuwa na mahali pa kupeleka neno lake.

Hapa sasa ndipo malalamiko yangu yanapoanza, na la kwanza ni lugha. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini mahojiano haya huendeshwa karibu yote kwa Kiingereza. Sitaki mwaniaji azuiwe kuitumia lugha aliyosomea sheria. Ninachotaka ni mkalimani anayesikika kwenye matangazo hayohayo, kwa sababu si kila shangazi ana mpwa mwenye duka.

La pili ni zito zaidi, nalo ni kinachotokea baada ya mwaniaji wa mwisho kutoka chumbani. Sheria ya Huduma za Mahakama ya 2011 inataja vigezo waziwazi: umahiri wa kitaaluma, ustadi wa kuandika na kuzungumza, uadilifu, haki, busara ya uamuzi, uzoefu wa sheria na wa maisha, na moyo wa kuutumikia umma. Makamishna hujifungia, hushauriana, kisha hutangaza jina. Tarehe 27 Aprili 2021 jina lililotangazwa lilikuwa la Martha Koome, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa, na nilifurahi kwa dhati kwamba Kenya ilikuwa inampata mwanamke wa kwanza kuiongoza Mahakama. Hata hivyo, furaha si maelezo. Nilikuwa nimewasikiliza waniaji kwa siku nyingi, nikajijengea maoni yangu kuhusu kila mmoja, na sikuambiwa ni kigezo kipi kilichomtanguliza mmoja mbele ya wengine tisa. Jaji akitoa uamuzi bila sababu, uamuzi huo hukatiwa rufaa. Tume inayowachagua majaji ingepaswa kujipimia kwa kipimo hichohicho. Kurasa mbili au tatu za sababu zingetosha, bila kumvunjia yeyote heshima.

La tatu ni muda, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa kuwa siku ya jaji kustaafu hujulikana tangu siku anayoapishwa. Jaji Jackton Ojwang alistaafu Februari 2020, na kiti chake kikakaa kitupu hadi Mei 2021 kilipopata Jaji William Ouko. Fanya hesabu kidogo: Mahakama ya Juu ina majaji saba, na Katiba inataka wasiopungua watano ili iweze kuketi. Ojwang na Maraga walipokwisha kuondoka, walibaki Philomena Mwilu aliyekaimu nafasi ya Jaji Mkuu, Mohamed Ibrahim, Smokin Wanjala, Njoki Ndung'u na Isaac Lenaola, yaani watano kamili. Kwa miezi kadhaa, homa ya jaji mmoja tu ingetosha kuifunga mahakama ya juu kabisa nchini.

Wala hilo si jambo la kudhaniwa. Mwaka 2016, baada ya mvutano kuhusu iwapo Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi wangestaafu wakiwa na miaka 70 au 74, wote wawili waliondoka, na Mutunga naye akastaafu mapema mwezi huohuo wa Juni. Wakabaki wanne. Akidi, yaani ile idadi ya watano, haikupatikana tena hadi Oktoba, walipoapishwa Maraga, Mwilu na Lenaola, na chini ya mwaka mmoja baadaye majaji hao wakawa mezani na kesi ya uchaguzi wa urais wa Agosti 2017. Kesi ya namna hiyo hupewa siku 14 tu tangu inapowasilishwa hadi inapoamuliwa. Kisha tarehe 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, Maraga alilazimika kuiambia nchi kwamba ombi la kuuahirisha haliwezi kusikilizwa, kwa sababu yeye na Lenaola pekee ndio waliofika. Sababu za siku ile zilikuwa nyingine, wala hapakuwa na kiti kitupu, lakini aliyewaona wawili wale wakiwa wamezungukwa na viti visivyokaliwa hahitaji kufundishwa thamani ya akidi.

Kuhusu hatua ya mwisho, ile ya Rais, nitasema kwa ufupi. Jina la Jaji Mkuu na la naibu wake hupitia Bunge la Taifa, na kwa Koome hatua hiyo ilikamilika tarehe 19 Mei, akaapishwa tarehe 21. Katiba inamtaka Rais ateue kulingana na mapendekezo ya tume, lakini majaji 41 wa mahakama nyingine waliopendekezwa mwaka 2019 walisubiri hadi Juni 2021, wakateuliwa 34 na sita wakaachwa hadi Septemba 2022. Mmoja alifariki akisubiri. Hilo silihesabu kama kosa la tume, ila mwananchi anayeipima huduma hii huipima yote, tangu tangazo hadi kiapo.

Kwa mahojiano ya wazi natoa nyota tano kamili. Kwa lugha natoa mbili, kwa maelezo ya uamuzi moja, na kwa muda mbili. Ninalopendekeza ni kwamba sheria iruhusu tangazo litolewe miezi sita kabla ya siku ya kustaafu inayojulikana, badala ya kusubiri kiti kiwe kitupu kwanza. Jaji Koome alizaliwa Juni 1960, kwa hiyo umri utamtaka aondoke Juni 2030 hata kabla ya miaka 10 ya kipindi cha Jaji Mkuu kutimia. Tangazo la kiti chake linaweza kuwa tayari Desemba 2029.