Nililipa bei ya jike, nikaletewa majogoo tisa

Wacha nianze na mazuri ndio nisionekane nimekuja na chuki. Hii duka ya vifaranga hapa Nakuru tauni, jina sitataja, ni safi, wanakuandikia chanjo zote kwa karatasi, kideri na Gumboro zilikuwa zimeshapeanwa, na kati ya kuku kumi na tano nilizobeba hakuna hata moja ilikufa. Mimi najua watu wamezika nusu boksi ndani ya wiki moja. Kwa afya sina neno.

Neno ninalo kwa kile kitu nililipia. Kienyeji iliyoboreshwa ya mwezi mmoja ilikuwa 250, lakini ukitaka jike tupu ni 350. Mimi nakaa Free Area, ploti ndogo, jirani ukuta kwa ukuta, kuku nazitaka za mayai, basi nikaongeza hiyo mia juu ya kila moja bila kubishana. Kijana akawa anashika kifaranga, anafungua bawa, anachungulia, "hii jike mama", anashika ingine, "jike", mbio mbio kama mtu anahesabu noti, na mimi hapo nimesimama naona kweli nimepata fundi.

Sasa hiyo mambo ya bawa nilikuja kuijua nikiwa nimeshachomeka. Iko, lakini ni ya kifaranga cha siku moja mpaka tatu hivi, na hata hapo si kuku zote, ni zile mbegu ambazo wazazi wamepangwa makusudi ndio jike atoke na manyoya ya bawa mengine marefu mengine mafupi, na dume yatoke yamelingana. Kwa kienyeji ya mwezi mmoja unafungua bawa kupigwa upepo tu.

Kufika wiki ya sita, ya saba, nikaanza kushuku. Kuna zingine upanga wa kichwani ulikuwa umeshanona na kuwa mwekundu, ndevu zinaning'inia, na wenzao wa siku ile ile bado wako na kaupanga kadogo kamepauka. Nikapiga simu, naambiwa hata jike huwa na upanga mama, ngoja. Ni ukweli anao, lakini wa jike huiva akikaribia kutaga, miezi mitano hivi, si wiki ya saba. Nikangoja. Miezi mitatu haijaisha, manyoya ya mgongoni kuelekea mkiani yakatoka marefu, membamba, yamechongoka na kung'aa, ya mkia yakaanza kupinda. Halafu siku moja saa kumi alfajiri nikasikia kitu kama mlango wa mabati unaburutwa, kumbe ni pora anajifunza kuwika. (Pora, jogoo mchanga, na tembe, jike ambaye hajaanza kutaga, tulifundishwa shule nikadhani ni maneno ya mtihani tu.) Nikahesabu, majogoo tisa, jike sita.

Nilirudi dukani. Jibu: "Si hizo majogoo utauza Krismasi mama." Hiyo ilikuwa Mei! Mia tisa yangu ya juu hawakurudisha, na jirani ashaanza kunisalimia kwa kifupi.

Zile za kuongezea nilienda kuchukua kwa shosh mmoja upande wa Njoro. Yeye hauzi chini ya miezi mitatu na bei ni 700, kwa hivyo mfuko utalia, pia hana boksi, utabeba na gunia yako, na usipoenda asubuhi hupati. Lakini alinishika mkono akanipeleka bandani. Akaniambia mtoto wangu, kuku haiangaliwi pekee yake, iweke na wenzake wa rika moja na mbegu moja, ndio utaona nani ako na miguu minene na upanga umetangulia. Halafu geuza uangalie mgongo, jike manyoya yake ni ya duara hata akuwe mkubwa aje. Zile za mistari myeupe na myeusi, dume huwa mweupe zaidi. Nikamuuliza kuhusu kuchagua yai la ncha kali ama kuninginiza pete na uzi juu ya yai, akacheka mpaka akakaa chini, ati kama hiyo ingefanya kazi yeye angekuwa anaangua jike tupu toka zamani.

Na hili ndilo lilinimaliza: "Ikiwika, rudisha nikubadilishie." Nilichukua sita, hakuna iliyowika, nne zimeshaanza kutaga.

Duka la tauni nalipatia nyota mbili, zote za chanjo. Ukienda chukua za 250 na ujue ni bahati nasibu, hiyo 350 wacha kabisa. Shosh nyota nne, ya tano nimeinyima juu ya gunia, kuku moja ilitoboa ikatokea ndani ya matatu na kondakta bado ananikumbuka.