Konvata nzuri, fundi wa kukera: uzoefu wangu na duka moja la vifaa vya sauti mjini Moshi

Naanza kwa kusema kwamba konvata niliyouziwa ni nzuri, maana nikichelewa kulisema hilo hasira haitaniruhusu tena. Ni kikasha kidogo kinachopokea sauti ya kidijitali kutoka kwenye runinga kwa ule waya mwembamba ambao ncha yake hutoa mwanga mwekundu, kisha kinaitoa upande wa pili kupitia matundu mawili, jekundu na jeupe, ambayo amplifaya za zamani zinayatumia. Runinga za siku hizi ni nyembamba mno, spika zake ni ndogo na mara nyingi zinatazama chini au ukutani, kwa hiyo mtu mwenye amplifaya ya stereo na spika mbili nzima hana sababu ya kuvumilia sauti yake.

Ubaya wote uko kwa fundi ambaye duka hilo, lililo karibu na Soko la Mbuyuni, lilimtuma nyumbani kwangu Pasua aje kunifungia. Aliingia sebuleni na viatu, akampita mama yangu aliyekuwa ameketi kwenye kochi bila hata shikamoo, akauliza, "Redio yenyewe iko wapi?" Nilipomwonesha amplifaya aliyoniachia marehemu baba, alicheka. Nyuma yake kuna matundu ya PHONO, TUNER, TAPE na AUX, na kila moja limeandikwa kwa herufi ambazo mama yangu huzisoma bila miwani. Yeye alichomeka waya kwenye PHONO, akapandisha sauti, na mtangazaji wa taarifa ya habari akaanza kuunguruma na kukwaruza kama mtu anayehutubia akiwa ndani ya pipa, huku besi ikitikisa vioo vya kabati. Hakugusa kitu kingine. Alichomoa, akajifuta mikono na kutoa hukumu: "Mzee, hii imeshakufa. Wauzie wa vyuma chakavu, mimi nikuletee saundibaa."

Mtu anayelipwa kwa kazi hii anapaswa kujua kwamba tundu la PHONO ni la mashine ya santuri peke yake. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo sana, wa milivolti chache, kwa hiyo ndani ya amplifaya kuna sehemu inayoukuza kwa mara 100 hivi. Aidha, kwa kuwa santuri hurekodiwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, sehemu hiyohiyo huipandisha besi na kuzishusha zile nyembamba ili mambo yakae sawa. Ukiingiza humo sauti ya runinga, ambayo tayari ina nguvu na haihitaji marekebisho hayo, utapata uleule mpasuko tulioupata. Alipoondoka nilihamishia waya kwenye AUX, tundu la vifaa vingine vyenye sauti ya nguvu ya kawaida, na sauti ikatulia papo hapo. Mama aliniuliza, "Hivi yule kijana amelelewa na nani?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Kazi haikuishia hapo, na hayo yaliyobaki pia yalikuwa yake. Baadhi ya chaneli zilikuwa kimya kabisa na nyingine zilitoa mikwaruzo mitupu, kwa sababu runinga ilikuwa inatuma sauti iliyofungashwa kwa ajili ya mifumo ya spika nyingi, ambayo konvata ya bei nafuu haiwezi kuifungua. Niliingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, nikabadilisha sauti ya kidijitali kutoka Auto kwenda PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyofungashwa, na kila chaneli ikasikika. Kukabaki muungurumo wa chini usiokoma. Huo ulitokana na konvata kupewa umeme kutoka kwenye tundu la USB la runinga, ambayo yenyewe imeunganishwa na king'amuzi na waya wa dishi. Waya wa mwanga haupitishi umeme, lakini ule wa USB unapitisha, na muungurumo ukapata njia ya kufika kwenye amplifaya. Nilipoichomeka konvata kwenye chaja ya simu, muungurumo ulikoma. Yeye kabla ya kuondoka alikuwa ameulaumu umeme wa Moshi.

Sasa sauti ni safi kiasi kwamba misa ya Jumapili inapooneshwa, mama hutambua ni sauti ipi ya kwaya imepotea. Kero iliyobaki ni kwamba rimoti ya runinga haipandishi tena sauti, inabidi kuinuka na kuzungusha kitasa cha amplifaya, lakini hilo silihesabu kuwa kosa la mtu.

Baadaye nilirudi dukani kudai walau nusu ya fedha ya ufundi. Dada wa kaunta hakuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Si inaimba sasa? Unalalamika nini?" Pamoja na hayo nilikuwa nimeamua kuwapa nyota tatu, kwa kuwa bidhaa ni bidhaa na tabia ni tabia, na ningewashauri watu wanunue konvata pale na kuifunga wenyewe. Nilipokumbuka vile viatu kwenye zulia, nikashusha hadi mbili.

Kisha juzi, nikiwa bado naandika haya, yule fundi alinitumia ujumbe kuuliza kama ile redio niliyoambiwa imekufa bado ipo, kwani anaye mteja wa vitu vya zamani na anaweza kuja kuichukua hata leo. Nyota mbili nazifuta. Konvata za namna hii zinauzwa pia Arusha, na nauli ya basi nitaitoa kwa moyo mweupe.