Inua Jamii: nilivyoiona mimi mlezi

Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa wasiojiweza, naipa nyota tatu kati ya tano. Nimewaza kuipa mbili, lakini kuna godoro linalonizuia, nitalieleza.

Naishi kaunti ya Kilifi na kijana wangu wa miaka 16 mwenye mtindio wa ubongo. Hatembei, analishwa, na usiku lazima nimgeuze asije akatoka vidonda. Nikitaja Inua Jamii majirani huuliza, "Hizo si pesa za wazee?" Za wazee wa miaka 70 kwenda juu zimo, za mayatima zimo, na kuna fungu la watu wenye ulemavu mkubwa, ndilo letu. Kiasi ni kimoja kwa wote: shilingi 2,000 kwa mwezi.

Safari yetu ilianzia kwa mzee wa kijiji, ikaenda kwa chifu, halafu barazani, ambako majina yalisomwa mbele ya watu wakasema wanaotufahamu. Wengine huona aibu kusomwa hadharani. Mimi sikuona. Hapa kwetu kila mtu anajua nani anamlea nani, na aliyetaka kupenyeza jina la mtu mzima mwenye afya zake alizomewa papo hapo. Kilichonichosha ni tathmini ya ulemavu. Hospitali tuliyoelekezwa ina siku zake maalumu za kazi hiyo, na kijana wa kimo kile huwezi kumpakia bodaboda. Ni kukodi tuktuk, kufika, na kuambiwa daktari hayupo, njoo wiki ijayo. Nauli hiyo hakuna anayekurudishia.

Malipo yetu yalikuwa yakipitia kwa wakala wa benki, na mlezi ndiye anayeweka kidole. Siku moja mashine ilinikataa kabisa. Vidole vyangu vimelika kwa sabuni ya mche na jiki, maana mashuka ni ya kufua kila siku. Wakala akachomoa kopo la vaselini chini ya meza, akasema, "Mama, paka kidogo, futa, tujaribu cha pili." Gumba likagoma, kidole cha shahada kikakubali. Kumbe kopo lile analiweka makusudi. Foleni nzima nyuma yangu ilikuwa ya mikono kama yangu. Tangu 2024 serikali imekuwa ikihamishia malipo kwenye simu, na hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Kumwacha mtoto kama huyu ili ukapange foleni ni lazima kwanza umpate wa kukaa naye, naye hakai bure.

Sasa hizo pesa zenyewe. Tatizo langu kubwa ni kwamba hujui zinaingia lini. Mwezi huu zipo, kisha kimya, kisha zinakuja za miezi kadhaa kwa mpigo. Mwenye duka ninapokopa unga ameandika "Inua" kando ya jina langu kwenye daftari, yaani huyu atalipa zikiingia. Kwa hiyo zikiingia huwa zimeshaliwa. Lakini haki yake niiseme: malimbikizo yalipotoka pamoja safari moja, nilinunua godoro zito lenye kifuniko cha plastiki, na vidonda vya mgongoni vikapungua. Wala hakuna afisa aliyeniuliza pesa nimezifanyia nini. Uhuru huo ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kinachonikera ni hiki. Sharti la fungu letu ni kwamba mtu awe wa kuangaliwa na mlezi muda wote. Serikali imeandika yenyewe kwamba kazi yangu ni ya saa zote, halafu ikatoa shilingi 2,000 kwa nyumba nzima, mimi na yeye. Pakiti ya nepi kumi za watu wazima dukani kwetu haishuki mia nane. Mimi nauza mbaazi na mahamri mlangoni alfajiri kwa sababu sokoni siwezi kwenda. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema serikali itawapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Sawa, lakini kiasi ni kilekile tangu huyu kijana nikimbeba mgongoni kwa leso. Unga wa wakati ule na wa leo ni bei moja?

Ukiwa mlezi kama mimi, jiandikishe tu, usingoje ziongezwe. Hakikisha laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, si cha shemeji. Zoezi la kuhakiki kama walengwa wako hai likitangazwa, nenda mapema au uombe wafike nyumbani, maana jina likiondolewa, kulirudisha ni kazi nyingine. Na mtu akikudai chochote ili jina lako liingie, huyo anakuibia. Kujiandikisha ni bure.