Uzoefu wangu wa kuuliza swali la anayeanza kwenye jukwaa la Python

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa, chenye wanachama 28 hapa Morogoro, na nilianza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa sababu moja tu: kujumlisha hisa na marejesho ya kila wiki kwa mkono kulikuwa kunanimalizia Jumapili zangu. Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitumia sehemu ya Python Help kwenye jukwaa la discuss.python.org. Naandika haya kwa kuwa nawafahamu watu kadhaa walioacha kujifunza kwa kuogopa kuuliza hadharani.

Shida yangu ilikuwa hii. Katibu wetu huandika mahesabu kwenye Excel, kisha hunitumia faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, lenye safu nne: jina, hisa, mkopo na marejesho. Programu yangu ilisoma safu tatu za mwisho bila tatizo, lakini kila ilipofika kwenye safu ya jina ilisimama na kuandika KeyError: 'jina', yaani hakuna safu inayoitwa hivyo, ilhali nikifungua faili lilelile kwa Notepad nalikuta neno hilo limekaa mwanzoni kabisa mwa mstari wa kwanza.

Mara ya kwanza niliuliza mahali pengine. Niliweka picha ya skrini niliyoipiga kwa simu, nikaandika kwamba programu haifanyi kazi, nikaomba msaada. Swali lilifungwa kabla sijamaliza chai yangu, kwa maelezo kwamba limekwisha kuulizwa, na kiungo nilichoachiwa kilihusu watu waliokosea tahajia, jambo ambalo nilikuwa nimelikagua herufi kwa herufi. Niliumia, na hadi leo naona si haki kumfungia mgeni mlango bila kumwambia alichopungukiwa. Hata hivyo nakiri kwamba picha ile haikuweza kumsaidia mtu yeyote, kwa sababu hakuna awezaye kunakili msimbo, yaani maandishi ya programu, kutoka kwenye picha akaujaribu kwenye kompyuta yake.

Kabla ya kwenda discuss.python.org nilitumia jioni nzima kuliandaa swali. Nilipunguza programu kutoka mistari mia na zaidi hadi tisa, nikihakikisha kosa bado linatokea. Faili la kikundi sikuweza kuliweka hadharani, maana deni la mwanachama ni siri yake, hivyo nikaandika kwa mkono, ndani ya Notepad, faili dogo lenye watu wawili wa kubuni. Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea: kwa faili hilo, programu ilifanya kazi. Nilirudia mara tatu, na mara zote faili langu lilisomeka huku la katibu likikataa. Sikujua maana yake, lakini niliandika yote mawili kwenye swali, pamoja na ujumbe wa kosa kama ulivyo, toleo la Python nililonalo, na maelezo kwamba katibu huhifadhi faili kwa kuchagua mtindo uitwao CSV UTF-8 ndani ya Excel (UTF-8 ni namna ya kuhifadhi herufi kwenye faili).

Msimbo niliufunga kwa vile vialama vitatu vilivyoinama (```) vinavyotangulia na kufuata maandishi ya programu. Anayeanza asilidharau hili: bila vialama hivyo nafasi za mwanzoni mwa mistari hupotea, na kwa Python nafasi hizo ni sehemu ya msimbo wenyewe.

Niliandika saa tatu usiku, kwa Kiingereza changu cha shuleni. Kabla ya saa sita mtu alinijibu, naye hakuanza kwa kunipa suluhisho, bali aliniomba nichapishe orodha ya vichwa vya safu jinsi Python inavyoviona. Nilipofanya hivyo, badala ya 'jina' nikakuta '\ufeffjina'. Alinieleza kwamba Excel, inapohifadhi kwa mtindo ule, hutanguliza mwanzoni mwa faili baiti tatu za kutambulisha aina ya maandishi, ambazo Python huzisoma kama \ufeff ilhali Notepad haizionyeshi, na kwamba nikifungua faili kwa encoding="utf-8-sig" badala ya "utf-8" Python itaziondoa yenyewe. Nilibadilisha neno hilo moja, na mahesabu yote yakatoka.

Kilichonigusa ni sentensi yake moja ya mwisho, kwamba kulinganisha mafaili mawili ndiko kulikomwonyesha pa kutazama. Nilikuwa nimefika karibu na jibu bila kujua, na kazi ile ya kupunguza mistari, niliyoiona kama adhabu, ndiyo iliyonifikisha.

Upungufu upo. Mazungumzo yote niliyoyaona pale ni ya Kiingereza, na kwa mtu anayeanza kujifunza lugha mbili kwa pamoja huo ni mzigo mzito. Makundi ya WhatsApp ya Kiswahili nimeyatumia pia. Watu wake ni wakarimu na hujibu haraka, ila jibu zuri la leo huzikwa na salamu za kesho, na mwenye shida ileile mwezi ujao halipati. Kwa hiyo sasa nauliza pale jukwaani, kisha jibu naliandika upya kwa Kiswahili na kulipeleka kwenye kundi.

Kusajiliwa ni bure, na kinachohitajika ni barua pepe tu. Kwa huduma niliyoipata nalipatia jukwaa hili nyota nne kati ya tano, na nyota iliyobaki ni ya lugha. Swali langu la pili, kuhusu tarehe ambazo Excel huzigeuza siku ikawa mwezi, ninalo tayari katika mistari kumi na mbili, na nitalituma nikishaipunguza kidogo tena.