Ziara ya miguu St. Louis, kijiji cha Wafilipino cha 1904: nyota 3

Jumamosi nimeenda hii ziara mtaa wa DeMun, pale walipowekwa Wafilipino watazamwe na watu kwenye yale maonyesho makubwa ya dunia ya 1904. Nilikuwa na dada mmoja Mfilipino tunapiga nae shifti ya usiku, tiketi kalipia yeye, kwao ni Bontoc huko milimani, watu walewale walioletwa hapa.

Kwanza mjue hakuna cha kuona, hata ukuta hakuna. Ni maghorofa ya matofali, miti na vibanda vya kahawa, unasimama barabarani unaambiwa hapa ekari 47 zilijaa watu kama 1,200, wamepangwa kuanzia walioitwa washenzi mpaka askari wenye sare na bendi yao, ili Mmarekani aone Mhispania kampa nini alipomwachia visiwa vya Ufilipino kwa dola milioni 20. Hapo mwongozaji yuko vizuri, ana picha za zamani kazilaminisha zinapita mkono kwa mkono. Ile stori ya suruali nimeipenda, wakubwa wa Washington wanataka Waigorot, yaani hao watu wa milimani, wakiwemo wa Bontoc, wavishwe suruali, wataalamu hawataki, mwisho wakabaki na uwinda wao na watu wakazidi kumiminika.

Shida ni mbwa. Wale kwao mbwa anachinjwa kwenye tambiko, hapa wakawa wanaletewa mara kwa mara ili watu wapate cha kutazama, sasa mwongozaji kakaa hapohapo dakika ishirini na vichekesho, kundi linacheka, akapita mama na kambwa kake kamevaa sweta basi ndo ikawa balaa. Dada hakucheka, kashika picha moja, kidole kwenye uso wa mtoto, kama anatafuta sura anayoijua. Na waliofia hapahapa? Sentensi moja, tukasonga.

Nikauliza habari za Ota Benga, ndugu yetu wa Congo aliyeletwa maonyesho hayohayo, yule 1906 wakamuweka na nyani kwenye zoo ya Bronx, New York. Nikajibiwa hayumo kwenye ziara hii. Haya.

Mkienda, anzeni Missouri History Museum pale Forest Park, kuingia bure na wana sehemu nzima ya 1904, halafu ndo mje huku, na mkae mbele maana ukiwa nyuma husikii kitu.

Mwishoni dada kaomba kuipiga ile picha na simu, karuhusiwa, kaituma kwao tukiwa bado kwenye basi. Mama ake kajibu kwa voisi ya dakika sita.