Kusini ya Mitchell na Kusini ya Faulkner

Mwaka 1936 zilitoka riwaya mbili kuhusu Kusini ya Marekani kabla na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Gone with the Wind ya Margaret Mitchell inasomeka kwa kasi, na Scarlett O'Hara, mhusika wake mkuu, hasahauliki. Lakini Tara, shamba la pamba la Georgia, linachorwa kama pepo iliyopotea, na watumwa wake kama watu walioridhika na utumwa. Huo ni uongo mkubwa, na filamu ya 1939 iliueneza duniani.

Absalom, Absalom! ya William Faulkner ni ngumu: sentensi ndefu mno, wasimulizi wanaopingana. Ila ugumu huo una kazi. Thomas Sutpen anajenga jumba lake Mississippi kwa jasho la watumwa, kisha anamkana mwanawe Charles Bon. Kwa sababu Bon ana damu ya Kiafrika, ndivyo wasimulizi wanavyoamini. Quentin Compson na Shreve, wanafunzi wa Harvard, wanaunga vipande vya habari hiyo miongo kadhaa baadaye, na pengo lolote wanaliziba kwa kubuni. Msomaji anaiona hekaya ikifinyangwa mbele yake, ilhali Mitchell anamkabidhi iliyokwisha kukamilika. Mimi namchagua Faulkner, hata kama kurasa nyingine zitadai kusomwa mara mbili.